Mtikisiko Uliofutwa

Kwenye ujia wa maabara ile hakuna aliyeruhusiwa kupita na viatu. Mlangoni palikuwa na rafu ya mbao, na viatu vya wasomi vimepangwa juu yake, pea kwa pea. Inspekta alivua vyake bila neno. Sajenti wake, ambaye kituo kizima kilimwita Nyundo, aliitazama ile rafu kama mtu aliyetukaniwa mama yake.

"Afande, hapa ni chuo au nyumba ya ibada?"

"Vua, Nyundo."

"Soksi yangu ina tundu."

"Basi kidole nacho kitahudhuria upelelezi. Vua."

Profesa alikuwa akiwasubiri mwisho wa ujia, mtu mrefu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na sauti ya chini kama ya mtu anayeongea na mgonjwa. Kando yake alisimama binti mwembamba mwenye miwani, mwanafunzi wake. Binti huyo alimwamkia Inspekta, "Shikamoo, mama," halafu akainamisha macho na hakuyainua tena.

Mtu alikuwa amekufa katika chumba kilichokuwa nyuma yao. Alikuwa msaidizi wa maabara, mtu mzima mwenye mke na watoto, na wenzake walimwita Taratibu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha jambo. Walimkuta sakafuni, chini ya meza, pembeni ya mtungi wa nitrojeni, ile hewa inayopozwa mpaka inageuka maji. Shingo ya mtungi ilikuwa imepasuka. Yale maji ya baridi yalimwagika, yakarudi kuwa hewa, na hewa hiyo ikaisukuma nje hewa ya kuvuta. Daktari hakuona jeraha wala sumu. Alisema marehemu alivuta pumzi kama kawaida, ila kwenye pumzi ile hamkuwa na uhai.

Ukutani palikuwa na kengele ya kuonya hewa njema ikipungua. Siku ile haikulia. Plagi yake ilikutwa imechomolewa, na juu ya plagi palikuwa na alama za vidole, zikiwamo za Fundi, kijana anayetengeneza umeme na mabomba ya jengo lile. Fundi alikuwa amegombana na Taratibu wiki ileile mbele za watu, akamwambia, "Utanitambua." Nyundo akamkamata. Akamuuliza usiku kucha, na kulipopambazuka Fundi akasema ndiyo, nilichomoa mimi.

Mchana wa siku hii Fundi alitakiwa kupandishwa kwa hakimu kwa kosa la kuua, na adhabu ya kosa hilo ilikuwa kitanzi. Karatasi ya mashtaka ilikuwa mezani kwa Inspekta ikisubiri sahihi yake. Asubuhi alikuwa ameyasoma maelezo ya Fundi mara ya pili, akakuta maneno ambayo vijana wa mabomba hawayasemi: "kwa makusudi", "huku nikijua fika". Hayo yalikuwa maneno ya Nyundo, yametiwa kinywani mwa kijana. Inspekta akafunga kalamu yake, akaomba gari.

"Nadhani tulishamaliza, Inspekta," alisema Profesa. "Mtu wenu amekiri."

"Amekiri. Nimekuja kujifunza kazi yenu tu. Mimi si msomi, nielezeeni polepole." Akamgeukia binti. "Mwanangu, humu mnapima nini?"

Binti alimtazama Profesa kwanza. Profesa akatikisa kichwa kukubali.

"Tuna kitone cha kioo, mama. Ni kidogo kuliko vumbi, jicho halikioni. Tumekishika hewani kwa mwanga wa leza, kinaelea. Tunataka kujua kiko wapi na kinakwenda wapi."

"Si mnakitazama?"

"Hapo ndipo penye shida. Ili ukione lazima ukimulike. Na kitu kidogo namna ile ukikimulika, mwanga unakisukuma. Ukikimulika kwa nguvu, unajua kiko wapi, ila umeshakipiga kofi, hujui tena kinakwenda wapi. Ukikimulika kwa upole hukisukumi sana, lakini mahali kilipo panakuwa na ukungu. Kimoja ukikipata, kingine kinakuponyoka."

"Nunueni mashine nzuri zaidi," alisema Nyundo.

Kwa mara ya kwanza binti akakaribia kutabasamu. "Hata ukiletewa mashine ya malaika, kaka. Si ubovu wa mashine. Dunia yenyewe imewekewa mpaka hapo. Sisi tunajaribu kuufikia ule mpaka, tuuguse."

"Aliyeuweka ana sababu zake," alisema Inspekta. "Na mkishaufikia?"

"Tutakuwa wa kwanza kufika hapo kwa kitu kikubwa kiasi kile," Profesa alijibu yeye, na sauti yake ikapanda kidogo. "Nimeitafuta siku hiyo tangu ndevu zangu zingali nyeusi."

"Mliufikia?"

"Tuliufikia." Akashusha sauti. "Siku ileile, kwa bahati mbaya."

Inspekta aliomba aonyeshwe kazi inavyokwenda, kila hatua, kama ilivyokuwa siku ya msiba. Akaweka masharti mawili: mtungi uwe mtupu, na kengele ya ukutani iwe kwenye umeme. Profesa alisita, akasema sawa.

Vyumba vilikuwa viwili. Katika chumba cha kupimia mlikuwa na meza nzito ya chuma, vioo vidogo vingi juu yake, mtungi na kiti kimoja kisicho na mgongo. Mlango wake ulikuwa mnene, umezungushiwa mpira ili hewa isipenye, na juu yake taa mbili, nyekundu na kijani. Chumba cha pili kilikuwa cha skrini, ng'ambo ya ujia. Kipimo kikianza, feni ya kutoa hewa huzimwa kwa sababu inatikisa, na taa nyekundu huwaka. Ikiwaka, hakuna wa kufungua.

"Na mtu wa ndani?" aliuliza Inspekta, akikionyesha kile kiti.

"Mtungi unataka kuongezwa kwa mkono," alisema Profesa. "Mtu mmoja hukaa ndani bila kujitingisha mpaka kipimo kiishe. Taratibu alikuwa hodari kwa hilo. Alikaa kama picha."

Wakaenda kwenye skrini. Binti akakaa kitini, akabonyeza hiki na kile, na mstari wa kijani ukaanza kukimbia kutoka kushoto kwenda kulia. Ulikuwa ukitetemeka tetemeko dogo la harakaharaka, kama mdomo wa mtu mwenye homa. Binti akakunja uso.

"Mstari mchafu. Nani ameiacha ile kengele kwenye..."

Akakatiza.

"Malizia, mwanangu," alisema Inspekta.

"Kengele ina pampu ndogo ya kuvuta hewa," alisema Profesa haraka. "Inatetemesha meza kidogo. Ni jambo dogo."

"Dogo kiasi gani? Mnaweza kuufikia huo mpaka wenu kengele ikiwa inafanya kazi?"

Profesa alipapasa ndevu.

"Nimeuliza, Profesa."

"Kwa hali ilivyo... haiwezekani."

"Kwa hiyo mlikuwa mkiichomoa kila mnapopima."

"Sijawahi kumwagiza mtu yeyote kwa maandishi."

"Sikukuuliza maandishi." Akamwinamia binti, akaweka mkono kwenye mgongo wa kiti chake. Hakumgusa. "Nani huchomoa?"

"Anayetangulia kuingia," alisema binti kwa sauti ndogo. "Ndiyo desturi yetu. Wa kwanza anachomoa, wa mwisho kutoka anarudisha. Sote tumeshaichomoa. Hata Fundi, akija kukagua nyaya tukiwa tunajiandaa, huwa tunamwambia, hebu tuchomolee hiyo."

Nyundo, aliyekuwa ameegemea ukuta, akajitoa ukutani.

"Na siku ile wa kwanza alikuwa nani?"

"Marehemu mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshakaa hapa. Taratibu akaingia peke yake, mlango ukafungwa, na mara mstari ukatulia. Niliuona ukitulia. Hakuna mwingine aliyeingia kabla yake, na baada yake taa ikawa nyekundu."

"Mbona hukuyasema haya kwenye maelezo yako?" alifoka Nyundo.

"Hukuniuliza! Uliniuliza kama Fundi na marehemu waligombana. Nikasema ndiyo. Ukaniambia nenda."

Inspekta hakusherehekea. Mtu mwenye haraka angeondoka hapo na kesi yake mkononi: marehemu kajichomolea kengele, mtungi ukapasuka, kazi ya Mungu haina makosa. Lakini kulikuwa na jambo moja limemkaa kooni kama mwiba wa samaki tangu asubuhi, nalo halikuhusu kengele. Akamwambia Nyundo aende ng'ambo ya ujia, aufungue ule mlango mnene, achungulie, aufunge.

"Nichungulie nini, afande?"

"Chungulia tu, kama mtu aliyeitwa."

Nyundo akaenda na kidole chake nje. Baada ya muda mfupi mstari wa kijani uliruka juu, ukayumba, ukashuka chini ghafla, kisha ukahangaika kabla ya kutulia.

"Juu ni kufungua," alisema Inspekta, "chini ni kufunga. Nimekosea?"

"Hujakosea, mama."

"Lori likipita barabarani linaandika hivi?"

"Inspekta, mitikisiko ni mingi," Profesa aliingilia. "Lifti, malori, upepo. Hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni..."

"Lori halifungi mlango," binti alisema, halafu akauziba mdomo wake kwa mkono kama aliyetema kitu mbele ya wakubwa.

"Na mstari ukiruka namna hii, nyinyi mnafanya nini?"

"Tunakikata kipande kile, tunakifuta. Ni kelele, si kipimo. Anayekaa kwenye skrini ndiye anayefuta."

"Siku ile ulikaa wewe."

"Nilikaa mimi."

"Ulifuta nini?"

Binti alianza kulia. Hakulia kwa sauti, ila miwani iliingia ukungu akaivua, akaishika mapajani. Akamtazama Profesa. "Mjomba," alisema, "mjomba, nisemeje?"

Inspekta hakulijua hilo. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaona pua ileile, paji la uso lilelile.

"Mama yake alikuwa dada yangu," alisema Profesa. "Nimemlea tangu hajaota meno. Huna haki ya kumhoji hivi."

"Kweli nimemuuliza mengi, na sitamuuliza tena." Akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na Profesa. "Nakuuliza wewe. Katika maelezo uliyompa Sajenti, umesema ulimkuta Taratibu chini ya meza, na ukungu mweupe umetanda sakafuni, unafika kwenye vifundo vya miguu. Ni maneno yako?"

"Ni yangu."

"Kipimo kikiisha mnafanya nini kwanza? Kabla ya kufungua?"

Profesa akageukia skrini.

"Mnawasha feni," alisema Inspekta. "Mnasubiri taa iwe kijani, ndipo mnafungua. Binti yako alieleza hivyo siku ile, na akasema sakafu ilikuwa kavu. Mhudumu aliyembeba marehemu naye kasema kavu. Hakuna aliyeona ukungu isipokuwa wewe. Uliuona lini, Profesa?"

Lori halisi lilipita nje barabarani. Mstari kwenye skrini ukavimba kidogo, ukatulia. Hakuna aliyeutazama.

"Mstari uliruka mara moja," Profesa alisema hatimaye. "Binti akaniambia, kuna kitu kimeanguka ndani. Nikaenda kuangalia."

"Ukafungua."

"Kidogo."

"Ukaona nini?"

"Nimeshasema. Ukungu. Na yeye amelala."

"Halafu?"

"Nilidhani amechutama anatafuta kitu. Nilidhani amesinzia. Sijui nilidhani nini! Kilikuwa kimebaki kipande kidogo sana, Inspekta, mstari ulikuwa umetulia kama haujawahi kutulia. Ningewasha feni, ningepaza sauti, kila kitu kingepotea. Kitone kingedondoka. Kukirudisha pale kunachukua miezi."

"Ukafunga mlango."

"Nikafunga."

"Ukamwambia nini huyu mtoto?"

Profesa alimtazama binti wa dada yake, lakini aliyejibu alikuwa binti, huku ameikodolea miwani iliyo mapajani. "Aliniambia, hakuna kitu, endelea. Kata hicho kipande, endelea. Nikakata."

Nyundo alikuwa amerudi, amesimama mlangoni. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Huwezi kuthibitisha kwamba alikuwa hai," alisema Profesa. Ile sauti yake ya chini ilikuwa imemrudia, na sasa iliongea kama darasani. "Muulize daktari wako. Mtu akiishiwa na hewa namna ile, huzimika upesi mno. Wakati ule huenda alikuwa hai, huenda alikuwa amekwisha. Hakuna kipimo kinachoweza kukuambia, na kipande chenyewe kimefutwa. Kuna mambo hayajulikani, Inspekta. Hiyo ndiyo kazi yangu, nayajua mambo yasiyojulikana."

"Hilo la kitone cha kioo ni kweli, nimelikubali. Na daktari nimeshamuuliza, hajui. Mimi sijui. Wewe nawe ukiwa pale mlangoni hukujua." Inspekta akainuka. "Mtu asiyejua kama mwenzake yu hai hufungua mlango, Profesa. Haufungi. Sajenti, mchukue. Mpe viatu vyake kwanza."

Profesa hakubishana. Alipopita karibu na kiti cha binti alinyoosha mkono kama anayetaka kumgusa kichwani, na binti akakisogeza kichwa pembeni. Mstari wa kijani uliendelea kukimbia peke yake.

Gari lilikaribia kituo, Profesa akiwa kiti cha nyuma. Ndipo Nyundo akakohoa.

"Afande, yule kijana aliniambia mwanzoni alikuwa juu ya paa, anaziba bomba la tangi. Nikaona ananichezea shere."

"Ulimuuliza mara ngapi?"

"Mpaka aliposema kweli." Akasikia alichokisema, akageuza uso dirishani.

Inspekta aliichana karatasi ya mashtaka mbele ya askari wa zamu, akachukua ufunguo mwenyewe. Mahabusu ilinuka jasho na dawa ya kuulia wadudu. Fundi alikuwa ameketi kwenye kona, amekumbatia magoti, kijana mwenye mabega mapana aliyeonekana kama amefuliwa akasinyaa.

"Inuka, mwanangu. Umeachiwa."

Fundi hakuinuka.

"Unasikia? Hukumuua mtu. Kengele aliichomoa marehemu mwenyewe, kama mlivyozoea. Kuna aliyeshuhudia. Toka, nyumbani wanakusubiri."

"Nilichomoa mimi, mama."

"Hukuchomoa. Ulikuwa juu ya paa."

"Mwanzo nilisema hivyo." Aliongea polepole, kama mtu anayetafuta njia gizani kwa mikono. "Nilisema niko juu ya paa, nina koleo, jua kali. Afande akaniuliza, una hakika? Nikasema nina hakika. Akaniuliza tena. Kila akiuliza, lile paa linasogea kidogo. Akaniuliza plagi ilikuwa na rangi gani, nikaiona rangi yake. Akaniuliza niliishika kwa mkono upi, nikauona mkono. Sasa hivi nikifumba macho, plagi naiona, nimeishika, hii hapa." Akanyoosha kiganja cha kulia, kitupu, akakitazama. "Paa silioni kabisa. Nimelitafuta tangu alfajiri."

"Uliigusa siku nyingine. Siku ile hapana."

"Umejuaje, mama? Uliniona juu ya paa?"

Hakuna aliyemwona juu ya paa.

"Niambie basi," alisema Fundi, na sasa sauti ilimkatika. "Niulize vizuri. Wewe unauliza vizuri, wanasema. Niulize nikumbuke."

Nyuma yao, kwenye ujia, Nyundo alikuwa amesimama na kofia mkononi. Midomo yake ilikuwa ikicheza, lakini hakuingia.

Inspekta aliuacha mlango wazi, ufunguo ukining'inia kwenye kitasa. Akakusanya sketi yake, akaketi sakafuni kando ya yule kijana, bega kwa bega, migongo ukutani. Wakakaa hivyo muda mrefu, na hakumuuliza neno.